Wimbo wa Kisima kwa Tarumbeta na Tuba

Siku ya kwanza kazini nilipewa kalamu ya nibu, chupa ya wino mweusi, rula, na kiti chenye mguu mmoja mfupi. Nilikuwa nimeajiriwa na bendi ya kikosi. Kikosi gani sitasema, kiapo ni kiapo. Nilikuwa kijana wa Kiborana kutoka Korbesa, mrefu, mwembamba, sijui hata tarumbeta linashikwa upande gani, na walionichukua walikuwa wanatafuta wakimbiaji. Lakini Sajini wa Maktaba ya Bendi alinisikia nikiimba nikifua nguo, akaona sauti yangu haiyumbi, kisha akaona mwandiko wangu ni safi. Nikatolewa uwanjani nikaingizwa kwenye chumba cha karatasi. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwandishi wa pati, na hiyo ndiyo kazi niliyofanya mpaka nikaota mvi.

Ninyi mnaobonyeza kompyuta hamjui pati ni nini, kwa hiyo acheni nieleze. Bendi ina karatasi kubwa inayoitwa skoa, ambayo ndani yake vyombo vyote vimeandikwa, kimoja chini ya kingine. Hiyo inakaa mbele ya kiongozi. Mpigaji hapewi skoa, maana mambo ya jirani hayamhusu. Anapewa pati, yaani karatasi ya chombo chake peke yake. Kazi ya mwandishi ni kuzitoa pati kwenye skoa kwa mkono, na hapo ndipo taabu inapoanza, kwa sababu vyombo vya kupuliza havikubaliani noti inaitwaje.

Sajini hakuniambia hilo. Nadhani alitaka kuona. Alinipa wimbo wa gwaride akaniambia nitoe pati ya tarumbeta, nami nikanakili noti kwa noti kama zilivyosikika kwenye kinanda, kwa unadhifu ambao ningetaka mama auone. Mchana bendi ikakaa. Bandmasta, mzee mfupi kutoka upande wa Kakamega, akainua kijiti. Lo! Filimbi zilikwenda huku, tarumbeta zikaenda kule, hata mbwa wa kantini akaondoka. Watu waliweka vyombo chini wakacheka mpaka machozi. Bandmasta hakucheka. Aliuliza nani ameandika, nikasimama.

“Umeandika ukweli,” aliniambia. “Hapa hatutaki ukweli, kijana. Kila mtu mpe uongo wake, ili wote watoke na ukweli mmoja.”

Alimaanisha hivi. Tarumbeta la kawaida limejengwa kwa B flati. Mpigaji akisoma C, kinachotoka ni B flati, sauti nzima chini, yaani ngazi moja. Ukitaka alingane na filimbi, ambayo inatoa inachosoma, lazima umwandikie sauti moja juu. Klarineti ni vivyo hivyo. Saksafoni ya alto ni ya E flati, hiyo unaipandisha mpaka noti ya sita ukihesabu kutoka pale ulipo. Honi ya Kifaransa ni ya F, unaipandisha mpaka ya tano. Huko ndiko kuhamisha. Si wazimu wa Wazungu tu. Ni ili mtu aliyejifunza vidole vya saksafoni moja aweze kuchukua nyingine bila kuanza shule upya. Wimbo ni ule ule, lakini kila mtu anapewa saizi yake, kama viatu.

Nilijifunza. Nilikuwa na hasira ya kuchekwa, na hasira ni mwalimu asiyelala. Baada ya muda sikuhesabu tena kwa vidole. Nilikuwa naangalia skoa na kusikia kichwani kila chombo kinasoma nini na kinatoa nini. Nilikuwa na chuma kidogo chenye meno mawili, ukikigonga gotini kinalia A daima, kiangazi na masika. Hicho nilikitia mfukoni kila asubuhi kabla ya kofia. Watu wengine wa umri wangu wanakumbuka bunduki yao ya kwanza. Mimi nakumbuka ile A.

Kituo cha kwanza kilikuwa Nairobi, chini ya Mkurugenzi wa Muziki, mtu wa masharubu aliyependa kubadilisha mawazo. Asubuhi anataka wimbo kwa ufunguo huu, saa nne waimbaji wanalalamika wanakabwa koo, basi anaingia chumbani kwetu na kusema “shusha”, anaondoka. Neno moja tu, na sisi pati zote chini, tunaanza upya. Hatukumchukia. Alikuwa akisimama mbele ya watu wakubwa na bendi ikatoa sauti moja safi, alikuwa anakuja mwenyewe kutuambia, na hilo lilitosha.

Kutoka huko nilipelekwa Nakuru, na Nakuru ndiyo iliyonimaliza, ingawa sikujua. Bendi ya kule ilikuwa na honi kuukuu za E flati. Zikaletwa mpya, za F, zinang'aa utadhani za harusi. Kila mtu akafurahi isipokuwa mimi, kwa sababu pati zote za honi kabatini zilikuwa za E flati, na ukizisoma kwa honi ya F wimbo unatoka sauti nzima juu ya wenzake. Nilimwendea Kapteni wa Muziki nikamweleza, nikaomba mtu wa kunisaidia. Alifungua mlango wa kabati, akatazama karatasi zilizojaa kutoka chini mpaka juu, akaufunga tena kwa upole, akaniambia kabati ni langu.

Basi nikaandika kabati zima upya. Chumba cha waandishi Nakuru hakikuwepo. Meza yangu ilikuwa ndani ya ukumbi wa mazoezi, na njia pekee ya kuiweka ilikuwa mbele ya safu ya tarumbeta. Niliwapa mgongo. Walipiga, nami nikaandika, kutwa, siku zote za Nakuru, midomo ya yale matarumbeta ikiwa shingoni kwangu. Hakuna aliyetuambia habari ya kuziba masikio. Ungeziba, ungeitwa mwoga au mvivu. Jioni kichwa kilikuwa kinalia chenyewe, nikanywa chai ya tangawizi, asubuhi kikanyamaza. Nikaona ni uchovu.

Likizo nilikuwa nakwenda nyumbani Korbesa. Sheikh wetu hakupenda kazi yangu na alinisalimia kwa ncha za vidole. Baba hakujali. Wakati huo mifugo bado ilikuwa inanyweshwa kwa mikono, kwenye visima vilivyochimbwa kando ya lagga, yaani mto wa mchanga. Wanaume wanasimama ndani ya kisima, mmoja juu ya mwingine, wanapokezana ndoo ya ngozi, na aliye juu kabisa anaimba. Huo wimbo si wa kujifurahisha. Unashika mwendo wa mikono ili ndoo isimwagike, na ng'ombe wanaujua. Kila ukoo una wa kwake, na ng'ombe wa watu wengine hawasogei wakiusikia. Wa kwetu alikuwa anauimba baba.

Nilimweleza kazi yangu siku moja, karibu na birika la udongo, ng'ombe wakinywa. Nilimwambia kule kuna vyombo vingi, kila kimoja kina sauti yake, na mimi ndiye ninayehamisha wimbo ili wote waufikie. Baba alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

“Na ng'ombe wanakunywa saa ngapi?” akaniuliza.

Nilicheka kwa wiki nzima. Nilirudi kazini nimeamua kwamba wimbo wa baba nitauandikia bendi, tarumbeta juu, tuba chini mahali pa mtu wa mwisho kisimani. Nilikuwa nausikia wote. Nilisema nitauandika nikimaliza kabati. Kabati lilipokwisha nikahamishwa, kisha kukawa na sherehe moja baada ya nyingine, na wimbo ulikuwa kichwani, haudai chakula, kwa nini nifanye haraka? Baba akafariki. Visima vikafukiwa na mafuriko, likaja shirika likachimba kisima cha injini, na injini haihitaji mtu wa kuimba. Wale wanaume wa kisimani wakaondoka mmoja mmoja. Akabaki dada yangu mkubwa, Kabale, ambaye tangu msichana alikuwa anakaa pale juu kuhesabu ndama na kusikiliza.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa hapa Isiolo, bendi ndogo, karibu na nyumbani, kama vile unavyompa mzee kiti karibu na mlango. Hapo ndipo ilipoanza. Asubuhi moja niligonga kile chuma gotini nikakipeleka sikio la kushoto: A. Nikakipeleka la kulia, ikalia kitu kingine, juu kidogo, chembamba. Nikadhani chuma kimepinda. Nilimwomba mpiga klarineti anipigie A, nikaziba sikio hili, nikaziba lile, nikakaa chini kwenye ngazi. Masikio yangu yalikuwa yameachana.

Daktari wa masikio kule Meru alinipima kwa mashine na kuniambia taratibu. Kelele za miaka na umri vimekula sikio la ndani, moja zaidi ya lingine. Dawa hakuna. Kile kifaa cha kuvaa kitaongeza sauti, hakitainyoosha. Nilimuuliza sikio lipi linasema kweli. Akasema kwa sauti za juu huenda hakuna hata moja.

Ngoja niwaeleze ubaya wake ulipo, maana wengi huniambia, “Mzee, si uhamishe tu?” Ingekuwa sikio la kulia limepanda kwa kiasi kimoja kwa noti zote, ningelishusha kwa hesabu nikaendelea na maisha, hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini halikupanda sawasawa. Noti za chini zinakubaliana. Katikati zinaanza kusukumana. Huko juu, mahali pa tarumbeta na mahali alipokuwa akiimba baba, kila sikio linasema lake na hakuna ufunguo wa kuzirudisha pamoja. Nilijua kuhamisha kila kitu isipokuwa hicho.

Nilistaafu bila kumwambia mtu yeyote kazini. Bandmasta wa wakati huo, kijana mzuri tu, alinionyesha kompyuta inavyotoa pati kwa kubonyeza mara moja, F, E flati, chochote unachotaka, akaniuliza naionaje. Nikasema ni nzuri. Ni nzuri kweli, sina kijicho nayo. Nilirudi nyumbani kwangu Chechelesi, hapa hapa Isiolo, na mbuzi wangu wawili na kinanda kidogo cha betri, na kitu kimoja tu kilichonifanya niamke: wimbo wa baba haujaandikwa.

Nikajiambia wimbo uko kichwani, hauko masikioni. Ujinga! Ukitaka kujua noti iliyo kichwani lazima uitoe kwa mdomo, uifananishe na kinanda, na njia yote hiyo inapita masikioni. Niliimba, nikabonyeza, nikafuta, nikaandika. Sehemu ya chini ilikuja yenyewe. Sehemu ya juu nilichagua sikio la kushoto nikaliamini, kama unavyomwamini shahidi mmoja kwa kuwa mwingine ni mlevi. Nikatoa pati zote kwa mkono, za mwisho maishani mwangu, na wino haukudondoka hata mahali pamoja.

Shule moja upande wa Kiwanjani ina bendi ya wanafunzi, na mwalimu wao, Mwalimu Ekiru, Mturkana mpole, aliwahi kunijia kuuliza mambo ya honi. Nilimpelekea. Aliposikia ni wimbo wa kisima alishika zile karatasi kwa mikono miwili. Walifanya mazoezi nami sikwenda, nilisema magoti yananiuma. Kisha nikamtuma mtu Korbesa amlete Kabale, kwa sababu yeye peke yake duniani ndiye angeweza kuniambia kama huo ni wimbo au si wimbo.

Alikuja na vumbi la safari, macho yake yameshaingia ukungu, lakini masikio yake! Kabale husikia mbuzi akipiga chafya upande wa pili wa boma. Tulimketisha mbele ya bendi kwenye uwanja wa shule. Akatoa salaam aleikum, watoto wakaitika kwa pamoja. Ekiru akainua mkono, wakapiga. Mimi nilisikia tuba na mdogo wake yufoniamu, safi kabisa, mikono ya wale wanaume ikipokezana ndoo. Juu yao nilisikia vurugu. Tarumbeta moja ilikuwa mbili, na zinagombana. Nikaacha kusikiliza nikawa namtazama Kabale usoni. Wazazi waliokuwa wamekuja walipiga makofi, mama mmoja akapiga kigelegele. Kabale naye alipiga makofi.

“Wamepuliza vizuri, watoto wa watu,” alisema. “Sasa ule wa Abba wataanza lini?”

Ekiru alicheka akadhani ni utani wa wazee. Nami nikacheka, maana ningefanya nini? Tulikunywa soda, tukashukuru, tukaenda nyumbani.

Nyumbani nilimwambia ukweli nusu. Nilimwambia ule ulikuwa wa Abba, lakini nimeukosea mahali, anionyeshe. Alifikiri kidogo akasema chini tuko sawa, juu ndiko tulikopotea, Abba hakupitia kule. Nikamwomba auimbe. Akakataa. Wimbo wa kisima hauimbwi pakavu. Ukiuimba bila maji unaidanganya mifugo, na mifugo iliyodanganywa siku moja haitakuja. Hilo nililijua tangu utotoni. Nikaleta mtungi, nikamimina maji kwenye beseni, nikawafungua wale mbuzi wawili. Akasubiri mpaka wameinamisha vichwa. Hapo ndipo alipofungua mdomo.

Dada yangu amekula chumvi nyingi lakini sauti yake haikutetemeka. Najua haikutetemeka kwa kuwa nilikuwa nautazama mkono wake ukipiga goti, sawa na ndoo. Aliimba mwanzo, nikauona uso wa baba. Kisha akapanda, akawa Kabale wawili. Mmoja kushoto, mmoja kulia, wote dada yangu, kila mmoja na njia yake. Niliziba sikio hili. Nikaziba lile. Niliinamisha kichwa mpaka karibu na mdomo wake kama mtu anayeomba dua. Mbuzi walikuwa wanakunywa. Wimbo wenyewe, ule ambao nimeutafuta, ulikuwa umbali wa mkono wangu, mzima, na mimi niliyelishwa na kuvishwa maisha yote kwa kazi ya kuandika kile watu wanachokisikia sikuweza kushika hata noti moja ya juu. Nililia. Alidhani nalia kwa ajili ya baba.

Alipomaliza alinyoosha mkono akanishika bega, akaniuliza neno lile lile ambalo baba alikuwa akituuliza pale kisimani.

“Umeshika?”

Macho yake hayaoni vizuri, lakini alikuwa amenielekezea uso. Alikuwa amechoka. Wajukuu zake wako mjini, wanasikiliza ya kwenye simu. Amewaambia mara nyingi waje wajifunze, wanasema kesho. Nilimtazama nikajua nikisema hapana ataanza tena, na tena, mpaka sauti imwishe, nami nitasikia wawili wale wale.

“Nimeshika, dada,” nikasema.

Akashusha pumzi ndefu. Akasema alhamdulillahi, basi yeye ameuweka chini, hatauimba tena. Mzigo ukishapokelewa hauchukuliwi na watu wawili. Nilimsihi angalau wajukuu wasikie. Akasema wakitaka waje kwangu, mimi ndiye niliyenao. Usiku ule alilala usingizi mzuri, nilisikia anavyopumua. Kesho yake nikampandisha gari la Merti, arudi Korbesa.

Mnaniuliza kustaafu kukoje. Ni hivi. Asubuhi nawapa mbuzi maji bila kuimba. Mezani nina skoa mpya. Mistari ya tuba na yufoniamu imejaa, kila noti mahali pake, ningeapa mbele ya kadhi. Mistari ya juu ni mitupu. Bendi ya Ekiru inaalikwa kwenye sherehe za kaunti na inapiga ule niliouandika kwanza, watu wanacheza, wanasema huo ndio wimbo wa visima vya Korbesa. Sijamwambia. Akiuliza ulio sahihi, nitampa nini? Baada ya sisi wawili kuondoka, huo wa uongo ndio utakaokuwa wa baba, na hapatakuwa na mtu wa kuuliza mwingine utaanza lini.

Juzi mjukuu wa Kabale alipiga simu. Akasema akko, yaani nyanya yake, hasimami tena, lakini ana furaha, na anataka kujua kama wale watoto wa bendi wameshaupata wimbo kwangu. Nilimwambia amjibu kwamba wako kwenye mazoezi.